Mkono wa Pamba

Ungempa wembe mtu aliyewahi kufungwa kamba kwa wazimu, halafu ukamwinamishia shingo?

Usijibu haraka. Mtaani kwetu walijibu haraka. Niliwauliza swali hilo mbele ya duka la kinyozi, watu wamejaa hadi barabarani, na mikono ikapanda juu kama darasa la watoto wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni. Ndiyo, tungempa. Naye ni mtu kama sisi. Ugonjwa ni ugonjwa tu, mwalimu. Wakapiga makofi, wakajipigia wenyewe, wakaenda zao. Kesho yake kiti cha kinyozi kilikaa kitupu tangu mlango kufunguliwa mpaka kufungwa. Keshokutwa hivyo hivyo. Aliyekikalia ni nzi peke yake.

Ndipo nilipoanza kuichukia mikono inayopanda juu.

Mwenye kiti wanamwita Pamba. Jina hilo alipewa na wateja wake, na alilistahili. Mkono wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba watu wazima, wenye madeni na wake wakali, walikuwa wakilala usingizi chini ya wembe. Mimi mwenyewe nilinyolewa naye tangu nikiwa mtoto wa kukalishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti. Nakumbuka baridi ya sabuni, kisha sikumbuki kitu, kisha mama ananiambia tumemaliza, amka.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye ndiye aliyefungua duka. Mjomba hakuamini mashine za umeme. Wembe, alisema, unataka nywele zilizolowa, na nywele hazilowi kwa haraka ya mtu. Kwa hiyo aliweka beseni pembeni na kopo ndani yake, na ukutani, juu ya kioo, akaandika kwa rangi nyekundu: MWENZAKO AKINYOLEWA, ZAKO TIA MAJI. Wengine tunaijua kama methali ya kuonyana. Kwa mjomba lilikuwa tangazo la kazi. Mmoja yuko kitini, anayefuata anakwenda kwenye beseni anajilowesha, foleni inasonga. Hakuna aliyeambiwa mara mbili.

Mkabala na duka kuna bucha. Mwenye bucha anaitwa Mizani, kwa sababu ya kidole gumba chake, ambacho kila mteja anajua kina uzito wake kwenye nyama. Mizani ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa Pamba, na ndiye aliyekuwa akikoroma kuliko wote. Na dirisha la kushoto ni la dada mkubwa wa Pamba, fundi cherehani, mwanamke mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni mchana kutwa. Yeye ndiye aliyemlea Pamba baada ya wazazi wao kufariki. Ndugu hao wawili wanaishi nyumba moja, wanafanya kazi ukuta mmoja, na mashine ya dada inasikika kwenye kiti cha kaka kama mapigo ya moyo.

Ugonjwa ulimwingia Pamba kwa sura ya bidii. Alianza kufungua duka kabla jua halijatoka. Alifua taulo ambazo tayari alikuwa amezifua, akazianika, akazianua mbichi, akazifua tena. Watu wakamsifu. Halafu akawa anasimama katikati ya kazi, wembe hewani, anatazama kioo.

"Ananichelewea," alimwambia Mizani siku moja, Mizani akiwa na povu mpaka masikioni.

"Nani anakuchelewea?"

"Yule wa kwenye kioo. Nikiinua mkono, yeye anauinua baadaye kidogo."

Mizani akacheka, akadhani ni mzaha wa vinyozi. Lakini siku chache baadaye Pamba alikivunja kioo ili amtoe yule mtu, na vipande vikamchana mwenyewe. Hakumgusa mtu mwingine yeyote, naomba hilo lieleweke, maana wapo wanaoisimulia hadithi hii wakaongeza majeruhi. Mtaa ukamfunga kamba. Kamba ilitoka buchani, ile ya kufungia ng'ombe. Dada yake alitoka mbio na futi yake shingoni, anasema mfungueni, mfungueni, nitamshika mimi, na hakuna aliyemsikiliza.

Hospitali ilimrudishia akili. Nasema hivyo kwa sababu nimewasikia wasomi wenzangu wakidharau vidonge, na wengine mtaani wakidharau hospitali, na wote wanazungumza wakiwa na afya zao. Vidonge vilimtuliza Pamba. Kioo kipya kikawekwa, na yule wa ndani yake aliacha kuchelewa. Lakini dawa iliyokituliza kichwa ikautikisa mkono. Ukimwangalia akiwa amekaa, vidole vya kulia vilikuwa vinachezacheza juu ya goti kana kwamba vinahesabu kitu.

Mtaa ukaona mkono ukatoa hukumu: wazimu haujaisha, umeshuka tu, ulikuwa kichwani sasa uko mkononi.

"Jenereta imewaka," Mizani alisema kila Pamba alipopita. Kisha alionyesha maandishi ya mjomba kule ng'ambo na kuyatangaza upya kwa wateja wake wa nyama: "Siku hizi imebadilika. Mwenzako akinyolewa, zako shika ukimbie."

Watu walicheka. Ni kweli ilichekesha, na hilo ndilo linaloniuma.

Pamba akafanya alichofanya. Akaacha dawa bila kumwambia mtu. Kila asubuhi alikitia kidonge mdomoni mbele ya dada yake, akakigeuza chini ya ulimi, akaenda kukitemea kwenye kopo tupu la sabuni. Baada ya muda mkono ukatulia. Ukawa ule ule wa zamani, mwepesi, pamba yenyewe. Wateja wakarudi. Mtaa ukafurahi, kwamba sasa amepona, mmeona, tuliwaambia. Mizani alikuja akakoroma kwa ujumla wa miezi yote aliyokosa.

Sikiliza basi jambo lenyewe. Siku ambazo mtaa ulimwona mzima ndizo siku alizokuwa anarudi kuugua. Siku ulizomkimbia ndizo siku alizokuwa anatibiwa. Sisi ambao tunajigamba kwamba tunamjua mtu kwa kumwangalia, tulisoma saa kichwa chini miguu juu.

Aliyegundua ni dada, na kilichomshtua ni taulo. Zilikuwa zinafuliwa tena alfajiri. Akaenda akakagua duka, akakuta kopo la sabuni limejaa vidonge vilivyolainika. Hakupiga kelele. Alimshika kaka yake mkono, huo huo uliotulia, wakaenda hospitali kwa miguu kabla kamba haijapata habari.

Pamba aliporudi mara ya pili, dada aliuchukua wembe akaufungia kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Asubuhi anaufungua anamkabidhi, jioni anaudai. Na kabla ya kumkabidhi: "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Upande wa pili." Mwanaume mwenye mvi, barabarani, kinywa wazi kama kinda la ndege.

Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza chuo na ninajitolea kwenye kliniki ya afya ya akili, na mtaa ulishaanza kuniita mwalimu. Tulikuwa tumeanzisha kikao cha Alhamisi, cha wagonjwa na ndugu zao, na kilifanyika dukani kwa Pamba kwa sababu isiyo na siri: ndiko kulikokuwa na mabenchi matupu. Alikuwa anakuja mama mmoja mfua nguo na binti yake, msichana mkubwa ambaye tangu augue alikuwa hasemi neno. Alikuwa anakuja dereva mstaafu wa malori ambaye husikia sauti zikimtukana. "Zangu ni mbili na hazielewani," alituambia siku ya kwanza. "Mimi kazi yangu ni usuluhishi." Dada mtu naye alikuja, kitambaa kichwani, akikaa mlangoni ili aichunge cherehani yake isiibwe. Tulifundishana vitu ambavyo chuo hakikunifundisha, kama vile namna ya kumuuliza mtu kama amemeza dawa bila kuwa polisi. Katika somo hilo dada mtu alikuwa anashindwa kila wiki.

Baada ya ule mkutano wangu wa mikono juu, nilipoona kiti bado kitupu, hasira zilinipanda. Niliingia dukani nikakaa kitini mwenyewe, nikajifunga shuka shingoni.

"Ninyoe," nikamwambia Pamba.

Alinizunguka polepole, akanigusa kisogo kwa kidole. "Nywele hizi zimekatwa juzi, mdogo wangu."

"Ninyoe hivyo hivyo."

"Ninyoe nini, ngozi? Shuka kitini."

"Kaka, nataka watu wanione."

"Ndiyo maana nakwambia shuka. Wewe umekuja kunyolewa kwa ajili yangu. Mimi nanyoa kwa ajili ya nywele." Akanifungua shuka, akalikung'uta ingawa halikuwa na unywele hata mmoja. "Mtu akikalia kiti hiki kwa huruma, kesho yake hakirudii. Huruma haioti kila mwezi."

Siku yake ya kliniki ilipofika nilimsindikiza. Nilikuwa nimemsindikiza kabla ya hapo, na kila mara nilimwona akikaa mbele ya muuguzi kwa adabu kubwa, amejikunja, mkono wa kulia ameukalia. Nilidhani ni heshima. Safari hii muuguzi aliacha kuandika akamtazama.

"Kaka, kwa nini unaukalia mkono?"

Pamba aliutazama mlango. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Nimekuuliza kwa wema."

"Ukiuona utaniandika nimezidi, sista. Utaniongezea dawa."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Utoe."

Akautoa. Ulicheza juu ya meza, ukiigonga kidogo kidogo kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba.

"Kutetemeka huku si ugonjwa wako," muuguzi alisema. "Ni dawa yetu. Ungeniambia tangu mwanzo, daktari angeshaishughulikia. Kipo kipimo cha kupunguza, zipo dawa nyingine. Lakini huwa tunakwenda polepole, wiki kwa wiki, na wewe usiache hata siku moja. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na mkono usiukalie tena. Huo ndio unaoniambia ukweli."

 Tuliporudi, kwenye kona ya mtaa Pamba alisimama ghafla. "Kumbe mimi pia," alisema. "Mimi pia nilidhani umeshuka mkononi." Akaendelea kutembea, haraka, nikawa namkimbilia.

Alhamisi iliyofuata alikuja na maputo. Ndivyo mjomba alivyomfundisha alipokuwa mwanagenzi: puto linapakwa povu, linanyolewa, likipasuka hujui kazi. Dereva alijitolea kupuliza. Binti wa mama mfua nguo akapewa puto la kwanza alishike kwa mikono miwili mbele ya kifua. Pamba akapaka povu, akasogeza wembe.

Likapasuka. Povu likaturukia wote usoni.

"Nyinyi huko," Mizani aliita kutoka ng'ambo. "Kama vita imeanza semeni, nifunge bucha."

Likapasuka la pili. La tatu alilivuka nusu, tukaanza kupumua, likapasuka. Pamba alikuwa anatokwa na jasho. Alitembea mpaka mlangoni akarudi, akatembea tena. Dada yake akasema tuache, watu wameshaanza kusimama nje. Dereva ndiye aliyemkamata bega.

"Sikiliza, fundi. Mtetemo wako una mwendo. Unapanda, unashuka. Ni kama gia ya lori bovu. Huingizi injini ikiwa juu, unasubiri ishuke, unaingiza. Usigombane nayo."

"Na kidole cha mwisho," Pamba alisema taratibu, kana kwamba anaongea na mjomba wake. "Kidole cha mwisho kinatia nanga."

Akakiweka kidole kidogo juu ya puto. Mkono ukawa bado unatetemeka, lakini ulikuwa na mahali pa kushika. Akasubiri. Akavuta wembe kidogo, akasubiri tena, akavuta. Duka zima lilikuwa linasubiri naye. Povu likaisha, puto likabaki jekundu, zima, linang'aa mikononi mwa binti.

"Lingine," binti akasema.

Mama yake alikuwa anakunja taulo. Alilileta taulo usoni akabaki nalo hapo.

Ningependa kukwambia kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Hayakunyooka. Puto halina shingo. Wiki zile Pamba alinyoa maputo mpaka muuza maputo akamuuliza kama ana sherehe, na bado kichwa cha mtu hakikuja. Daktari alikuwa amepunguza dawa kidogo, mkono ukapungua kidogo, kidogo ambacho ni dada peke yake aliyekiona. Nilimkuta Pamba asubuhi moja ya Ijumaa amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kiooni.

"Hachelewi," aliniambia kabla sijauliza. "Usiogope. Mwalimu, nataka nikuambie kitu, na nakuambia wewe kwa sababu nimechoka kuficha vitu kwenye kopo la sabuni. Nikiwa na dawa nina akili, sina kazi. Bila dawa nina kazi, mpaka siku nitakayokosa akili. Nichague nini?"

"Daktari amesema polepole, kaka. Unaendelea vizuri."

"Polepole ni neno la mtu mwenye kazi." Alisimama, akapanga taulo zilizokwisha kupangwa. "Kesho Jumamosi, siku ya vichwa. Kiti hiki kikiwa kitupu mpaka mchana, dawa naziacha. Dada atatazama chini ya ulimi, na mimi nitajua pa kuzipeleka."

 Nilizunguka mtaa mzima nikiita watu, mlango kwa mlango, alasiri tukutane dukani. Nilibeba mabango yangu ya kliniki, yale yenye picha ya kichwa kilichokatwa katikati na mishale. Watu walikuja, watu wetu hawakosi mkutano. Nilifungua mdomo nianze, Pamba akanishika mkono.

"Kaa chini, mdogo wangu. Leo usiwaulize wanyooshe mikono. Leo nanyoosha mimi."

Akaunyoosha. Mkono wa kulia, mbele ya wote, ukicheza hewani. Aliuacha hapo mpaka minong'ono ikaisha yenyewe.

"Huu mnaouita jenereta," alisema. "Unatetemeka kwa sababu nimemeza dawa asubuhi ya leo. Mnakumbuka ulipotulia? Mlirudi wote. Mlikaa hapa mkasinzia. Siku zile nilikuwa sijameza kitu, na yule wa kwenye kioo alikuwa ameshaanza kunichelewea tena. Kwa hiyo nawafundisha, maana mwalimu huyu ana mabango lakini hana mkono kama huu. Mkiuona unatetemeka, nisalimieni, pitieni, mimi ni mzima. Ukitulia kama pamba ghafla, na mkaona nafua taulo alfajiri, msichukue kamba. Mwiteni dada."

 Kisha Mizani, akiwa amesimama nyuma na aproni yake: "Kwa hiyo ile siku mimi nililala—"

"Ulikoroma."

Watu wakacheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Hata Mizani alicheka, lakini uso wake haukukaa sawa. Mtu aliyechekwa hupenda kurudisha.

"Sawa, Pamba. Umesema vizuri. Lakini mimi ni mtu wa mizani, napenda kupima pande zote." Akamgeukia fundi cherehani, aliyekuwa kwenye dirisha lake. "Mama cherehani, wewe ndiye unayetugombeza kila siku kwamba tunamtenga kaka yako. Zamani yeye ndiye aliyekuwa anakupunguza nywele kila mwisho wa mwezi, tulikuwa tunaona. Sasa hicho kitambaa ulichojifunga kichwani tangu arudi, kinaficha nini? Nani anakunyoa?"

 Sote tulikuwa tumekiona kile kitambaa kila siku. Tulidhani ni urembo, au umri.  Pamba alimtazama dada yake kichwani kama mtu anayeona mlango nyumbani kwake ambao hakuwahi kujua upo.

Dada alirudi ndani. Tulisikia cherehani ikianza, kwa kasi, ikaendelea kwa kasi. Nilisogea dirishani. Alikuwa anakanyaga, na chini ya sindano hakukuwa na kitambaa.

Watu wakatawanyika bila makofi. Pamba alifunga duka, akaupeleka wembe dirishani kama kawaida. Dada aliupokea bila kumwangalia.

Asubuhi yake nilifika mapema. Dereva alikuwa tayari kwenye benchi, amevaa shati la heshima, kichwa chake hakina unywele hata wa dawa. Amekuja kukaa tu. Ng'ambo, Mizani alikuwa ananoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali. Pamba alisimama mlangoni. Watu walipita wakamsalimia kama alivyowaelekeza jana, kwa uchangamfu, na wakapita.

Dada alitoka na wembe na kidonge na kikombe cha maji. Pamba akameza. Akafungua mdomo mwenyewe ainue ulimi.

"Funga," dada akasema.

Alimpa wembe. Badala ya kurudi kwenye cherehani, aliingia dukani, akafungua fundo la kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimekatwakatwa kwa mkasi wa nguo, huku juu, huku chini, kama shamba lililoingiliwa na mbuzi.  Dada alienda kwenye beseni, akajilowesha, akakaa kitini.

"Nipunguze mpaka chini kabisa," alisema.

"Dada, mkono—"

"Naujua mkono wako. Niliushika nikikuvusha barabara. Anza."

Akapaka povu. Akaweka kidole cha mwisho nyuma ya sikio la dada yake, akasubiri. Mkono ulikuwa unapanda, unashuka. Dada alikuwa ameishika mikono ya kiti kwa nguvu, na macho hakuyafumba. Alikuwa anamtazama kaka yake kiooni. Wembe ukapita. Akasubiri, ukapita tena. Karibu na kisogo alimkata kidogo, tone moja la damu likatoka, likasimama. Pamba akaganda.

"Inawasha tu," dada akasema. "Endelea."

Sikumwona Mizani akivuka barabara. Nilipogeuka alikuwa ndani, ameketi pembeni ya dereva, aproni bado kiunoni, hana mzaha. Alitazama kile kidole kilichotia nanga. Alitazama lile tone. Alitazama maandishi ya mjomba juu ya kioo, nadhani, au alitazama dari. Kisha alisimama ghafla, benchi likalia, nikajua anatoka.

Alienda kwenye beseni. Akachukua kopo, akalijaza, akainamisha kichwa, akajimwagia maji.